Kutazama ndege na wadudu Mbudya mwisho wa kipupwe: mwongozo kwa anayeanza

Kila Agosti ikielekea ukingoni naulizwa maswali yaleyale. Twende saa ngapi? Lazima niwe na darubini? Yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi anaitwaje? Na mbona nimeshinda kisiwani Jumapili nzima sikuona kitu zaidi ya kunguru? Nimeyajibu kwa simu na ana kwa ana kwa miaka kadhaa, na sasa nayajibu yote kwa pamoja.

Nitaongelea Mbudya, kisiwa kidogo karibu na pwani ya Dar es Salaam, kwa sababu ndiko ninakokwenda mara nyingi. Hatua hizi zinafaa pia Bongoyo na Sinda, na hata ufukwe wa Kunduchi ikiwa nauli ya boti haijapatikana. Jambo moja likukae kabla ya mengine: ukiwa kisiwani fuata maji, saa ya mkononi iweke nyuma. Kitwitwi, yule ndege mdogo wa ufukweni, haanzi kula kwa kuwa kumekucha, anakula kwa kuwa maji yametoka na mchanga umebaki wazi. Wengi waliorudi bila kuona kitu walifika mahali sahihi kwenye maji yasiyo sahihi.

Kwa nini msimu huu? Huko kaskazini ya dunia joto linakwisha, na ndege waliotaga mayai hadi Siberia wanateremka kutafuta chakula. Kwetu kusi, ule upepo wa kutoka kusini, limeanza kulegea na maleleji, majira ya upepo kubadilika, yanakaribia. Wakubwa hutangulia mwezi Agosti, watoto wa mwaka huu hufuata Septemba na Oktoba. Hiyo nadharia inatosha.

Unachohitaji

- Jedwali la kupwa na kujaa kwa bandari ya Dar es Salaam. Linapatikana mtandaoni na kwenye programu za simu. Hakikisha ni la Dar, maana la Mombasa au Zanzibar litakupotezea dakika ambazo utazihitaji.
- Darubini ya macho mawili. Ikiandikwa 8x42 inatosha kabisa: 8 ni ukuzaji, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ya 12 au 16 inatikisika mkononi, na anayeanza huishia kuona kizunguzungu. Ukiikosa, nenda bila darubini; maji yakijaa ndege watakusogelea.
- Raba za zamani za kufunga kamba. Kandambili hapana. Nitaeleza sababu.
- Kofia, kanga au shuka la kujitanda, na maji ya kunywa yasiyopungua lita 2 kwa kila mtu.
- Daftari na penseli. Wino hulowa ukapotea.
- Mfuko wa plastiki mgumu unaofungika kwa ajili ya simu.
- Lenzi ndogo ya kukuzia kwa ajili ya wadudu, kama unayo.
- Pesa ya boti na ya kiingilio. Mbudya ni eneo tengefu la bahari. Pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ilitengwa mwaka 1975, na kuingia kunalipiwa. Dai risiti na uitunze.

Hatua

1. Chagua siku kwa kuangalia mwezi.
Bamvua, yaani maji makubwa, huja karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Hapa Dar siku za bamvua maji hukauka kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na hujaa mnamo saa 10 au 11 jioni. Kila siku inayofuata muda huo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa anayeanza, siku nzuri ni moja au mbili kabla ya mwezi kuwa mpevu au kuandama: maji yanakauka karibu na saa 3 asubuhi, halafu yanarudi kabla jua halijawa kali sana. Siku za maji mafu ziache. Mchanga unaobaki wazi ni mdogo na ndege hutawanyika.

2. Soma namba za jedwali, usiishie kwenye saa.
Chukua mfano wa siku ambayo kupwa ni mita 0.4 saa 3:30 asubuhi na kujaa ni mita 3.4 saa 9:40 alasiri. Tofauti ni mita 3, na hazipandi kwa mwendo mmoja. Gawanya mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Maana yake katika saa ya tatu pekee maji yatapanda sentimita 75, na vivyo hivyo saa ya nne. Maji yaliyokuwa kwenye kifundo cha mguu yanafika juu ya goti huku unahangaika kutambua kitwitwi mmoja.

Onyo: hapa ndipo wageni wa maji wanaponaswa. Saa ya kwanza huonekana kama bahari imelala, mtu akajiamini, akatembea mbali juu ya mwamba. Mwaka wangu wa kwanza niliacha mkoba juu ya jiwe kavu, nikasogea hatua chache kumfuata sululu. Nilipogeuka jiwe halikuwapo. Daftari la miezi mitatu lilikwenda na maji, na uchungu wake ninao mpaka leo. Tangu siku hiyo naweka kengele ya simu ilie saa moja na nusu baada ya kupwa. Ikilia, naondoka mwambani hata kama mbele yangu pana ndege wa ajabu.

3. Ongea na nahodha siku moja kabla.
Mfikie ufukweni, umsalimie, ikiwa ni mtu mzima umpe shikamoo yake, kisha umwambie wazi: nataka kushuka maji yakiwa yanatoka, nirudi yakiwa yamejaa. Wengi wamezoea abiria wa kuogelea na kula samaki, wanaofika saa 5, kwa hiyo saa yako itawashangaza kidogo. Muulize mambo mawili. Je, boti itaelea pale Kunduchi saa hiyo, au mtatembea kwenye maji kuifuata? Na kusi likoje? Nahodha akikwambia "leo hapana", usibishane naye kwa kutumia programu ya simu. Yeye ameona bahari ya asubuhi hiyo.

Hakikisha koti la kuokolea lipo na unalivaa. Kivuko ni kifupi, lakini kusi la Agosti huinua mawimbi bado.

4. Shukia upande wa machweo, ukae jua likiwa mgongoni.
Ufuo wa mchanga wa Mbudya unatazama bara. Asubuhi jua linatoka nyuma yako na kuwaangaza ndege walio mbele, rangi zinaonekana zilivyo. Jioni ni kinyume chake: utaona vivuli vyeusi kwenye maji yanayong'aa.

Kaa chini. Mtu aliyesimama kwenye mchanga mtupu anaonekana kutoka mbali sana. Mtu aliyeketi chini ya mvinje, amejitanda kanga ya rangi iliyotulia, baada ya dakika 15 amekuwa sehemu ya ufuo.

5. Anza na mwani uliotupwa na maji.
Ule mstari mweusi wa mwani na majani makavu, ambao watu huuruka kwa kinyaa, ndio meza ya chakula. Inua konzi moja polepole. Nzi wadogo wataruka kwa pamoja, na vidudu vyeupe vitarukaruka kama mchele kwenye ungo. Rudisha konzi yako ulipoitoa, usogee nyuma, utulie. Mara nyingi wa kwanza kufika ni yule kitwitwi mfupi mnene, miguu ya chungwa, kifua kina alama nyeusi, anayepindua mawe na mwani kwa mdomo wake uliobinuka kidogo. Jina lake la kitaalamu ni *Arenaria interpres*. Anaingiza mdomo chini ya mwani, anausukuma kwa kichwa, na akipata kilichofichwa anakidaka kabla hakijaruka mara ya pili.

6. Mtambue ndege kwa mdomo kwanza, halafu miguu, halafu mwendo. Rangi iwe ya mwisho.
Kosa kubwa la wanaoanza ni kuanza na rangi. Mwisho wa kipupwe ndege wengi wako katikati ya kubadili manyoya, na rangi itakudanganya. Jiulize hivi: mdomo umenyooka au umepinda? Ni mrefu kuliko kichwa au mfupi? Anakimbia na kusimama ghafla, au anadungadunga matope bila kupumzika?

Mkubwa wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini ni sululu. Akiruka hupiga mluzi mwepesi wa mfululizo, sauti kama saba zinazofuatana. Ukishausikia hutahitaji kumwona.

Wadogo wenye mdomo mweusi uliopinda kidogo, wanaodungadunga kwa makundi, huenda ni *Calidris ferruginea*, wageni wa Siberia. Mwezi Agosti tazama tumbo lao: wakubwa huwa bado na mabaka mekundu kama tofali, mabaki ya vazi la kuzalia. Kufikia Oktoba utaona wengi wa kijivu na kifua safi. Hao ni wakubwa waliokwisha kubadili manyoya, pamoja na wadogo wa mwaka huu, waliosafiri njia nzima bila mzazi wa kuwaonyesha.

Anayekimbia hatua chache, akasimama wima, akainamisha kichwa mara moja na kukimbia tena, yuko kwenye kundi jingine, la wenye mdomo mfupi na macho makubwa. Mmoja wao wa kijivu, mkubwa kuliko wenzake, akiruka huonyesha kwapa jeusi. Hakuna mwingine wa saizi yake hapa mwenye kwapa hilo.

Yangeyange wa ufukweni huwachanganya watu: mmoja mweupe, mwingine wa kijivu cha giza, wamesimama jiwe moja. Ni jamii moja yenye rangi mbili. Usiwaandike kama ndege wawili tofauti.

Wale weupe wembamba wa angani wanaojitupa majini kichwa chini ni buabua. Mdomo wa chungwa ni wa aina ndogo, mdomo wa manjano ni wa aina kubwa zaidi.

Na yule mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene kama kisu cha kufulia nazi? Huyo ni ndege mla kaa, *Dromas ardeola*, na swali lake ndilo ninaloulizwa kuliko yote. Hutaga yai moja, kwenye shimo refu analochimba mchangani, katika fukwe za Bahari ya Shamu, Uarabuni na Ghuba. Joto la mchanga humsaidia kulitamia. Tofauti na wale wa Siberia, huyu husafiri na mtoto wake. Septemba moja niliketi chini ya mvinje nikawaona wawili, mkubwa mwenye mgongo mweusi na mwingine mwenye mgongo wa kijivu. Mkubwa akanyata kama kulastara, akasimama, akachomoa kaa shimoni, akambamiza chini mpaka magando yakakatika. Yule wa kijivu akaja ameinamisha shingo, analia mluzi mwembamba usiokoma, mpaka akapewa. Alikuwa amefikia saizi ya mzazi na amevuka bahari nzima, lakini bado alikuwa analishwa. Ukiwaona wawili wa namna hiyo, usiwasogelee hata hatua moja. Huyo mdogo bado anajifunza kula.

7. Maji yakianza kurudi, usihame.
Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Maji yakiwa yamekauka kabisa ndege wako mbali, kwenye ukingo wa mwisho wa mchanga, na wewe unaona nukta tu. Watu huwafuata, ndege huruka, huhamia mbali zaidi, na asubuhi imeharibika kwa pande zote mbili.

Wewe keti palepale. Maji yatawaleta. Kila wimbi linakula mchanga kidogo, na ndege wanarudi nyuma kuelekea kwako, wakila haraka haraka kabla meza haijafunikwa. Katika saa ya pili na ya tatu wanaweza kuwa mita 20 mbele yako bila wewe kunyanyua mguu. Kisha watajikusanya kwenye ulimi wa mwisho wa mchanga, wote wakielekeza midomo kwenye upepo, na wengine watasimama mguu mmoja na kufumba macho.

Onyo: kundi likinyanyua vichwa kwa pamoja, umekwisha kuwa karibu mno. Rudi nyuma taratibu. Ndege aliyetoka Siberia ana saa chache za kula kila maji yakipwa, na kila anaporushwa anapoteza chakula alichokipata. Waombe wenzako watoto wasikimbize makundi, na droni ibaki nyumbani.

8. Maji yakijaa, ingia kwenye vichaka uwatafute wadudu.
Ndege wamepumzika, sasa geuka nyuma. Fuata upande uliokingwa na upepo, kwa sababu kusi likivuma vipepeo na kereng'ende hujificha huko.

Anza na mmea unaotambaa juu ya mchanga, wenye maua ya zambarau na majani kama kwato za mbuzi. Keti mbele ya maua matano tu, dakika 10, uhesabu wanaokuja. Utaona nyuki, nyigu wembamba, na kipepeo wa chungwa mwenye ncha nyeusi za mbawa zilizotiwa madoa meupe, *Danaus chrysippus*. Anaruka polepole bila wasiwasi kwa kuwa mwili wake una sumu aliyoitoa kwenye mimea ya utomvu mweupe alipokuwa kiwavi. Chunguza vizuri: kuna kipepeo mwingine, jike wa *Hypolimnas misippus*, aliyemuiga karibu kila alama ingawa hana sumu hiyo. Dume wake hafanani naye hata kidogo, ni mweusi mwenye madoa makubwa meupe.

Halafu tazama mchanga mkavu chini ya paa la banda, pale mvua isipofika. Utaona vishimo vya umbo la faneli, upana wa kizibo cha soda. Chukua unyasi, uguse ukingo ili punje chache ziteleze. Kutoka chini mchanga utarushwa juu, mara moja, mara mbili. Ni mdudu mwenye taya kama koleo anayengoja sisimizi ateleze. Akikua huwa na mbawa nne nyembamba, watu wakadhani ni kereng'ende. Tofauti iko kichwani: huyu ana vipapasio virefu vyenye kirungu mwishoni, vya kereng'ende ni vifupi kama nywele.

Kereng'ende wenyewe huzidi vuli ikikaribia. Makundi ya wale wa manjano, *Pantala flavescens*, wanaoelea hewani kutwa bila kutua, yaangalie kwa heshima. Mwaka 2009 mtafiti Charles Anderson alichapisha hoja kwamba huvuka Bahari ya Hindi kutoka India kupitia Maldivi hadi Afrika Mashariki wakibebwa na upepo. Nao kerem, ndege wala nyuki, wanaohama kutoka kaskazini hupita kwetu wakiwadaka hewani.

Ukirudi bara, kwenye miembe na mikoko, tafuta majani yaliyoshonwa pamoja kama mpira. Ni nyumba ya majimoto, wale sisimizi wakali. Huvuta majani yakutane, kisha huwashika watoto wao kwa taya na kuwapitisha huku na huku kama sindano, na hariri ya mtoto ndiyo uzi. Tazama kwa lenzi, mkono usiguse. Jina lao halikutolewa bure.

9. Andika hapohapo.
Tarehe, saa, hali ya maji, idadi, na alichokuwa akifanya. "Sululu 6, maji saa ya pili, wanakula kaa" ni rekodi. "Ndege wengi" si rekodi. Nyumbani weka ndege kwenye tovuti ya eBird na picha za wadudu kwenye tovuti ya iNaturalist, wataalamu watakusaidia majina. Usiokote kombe wala kumbeba kiumbe chochote. Hapo ni hifadhi.

Hatari za chini ya miguu

Sasa zile raba. Kwenye mwamba kuna nungu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi, na samaki wa sumu wanaofanana na jiwe. Kwenye maji ya kifundo juu ya mchanga buruza miguu badala ya kuinyanyua, ili samaki taa aliyejifukia asikie na aondoke. Kombe wenye umbo la pia usiwashike kabisa, baadhi yao huchoma kwa sumu kali.

Mambo yakienda kombo

*Nimefika na hakuna ndege hata mmoja.* Angalia jedwali tena. Maji yakiwa yamejaa, tafuta kwenye ulimi wa mchanga, mawe yaliyobaki juu na matawi makavu. Yakiwa yamekauka, tazama ukingo wa mbali. Inawezekana pia watu wamepita mwambani; subiri waondoke.

*Vitwitwi wote wananifanania.* Ndivyo ilivyo mwaka wa kwanza kwa kila mtu. Chagua mmoja tu, mfuate kwa darubini dakika 10, uandike mdomo, miguu, mwendo. Ndege watatu waliotazamwa vizuri ni siku nzuri.

*Kunguru wamejaa, wengine wamekimbia.* Kunguru hawa wa shingo ya kijivu asili yao ni India. Waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea hadi kwetu. Hufuata mabaki ya chakula na hula mayai na makinda ya ndege wengine. Funga chakula chako, rudi na takataka zote, uketi mbali na mabanda ya kulia.

*Visubi wananimaliza.* Wanatoka upepo ukitulia, hasa alfajiri na magharibi. Vaa mikono mirefu na uhamie sehemu yenye upepo.

*Sina pesa ya boti mwezi huu.* Nenda Kunduchi maji yakitoka, au simama kando ya Daraja la Salenda utazame mlango wa Mto Msimbazi. Pale usiingie kwenye matope, maji ni machafu. Tazama ukiwa ukingoni.

*Nimeona ndege ana pete mguuni.* Usimkimbize. Piga picha nyingi za miguu, hata kama hazijakaa vizuri, kisha andika: mguu wa kulia au wa kushoto, juu au chini ya kiungo, rangi kwa mpangilio kuanzia juu kwenda chini, na herufi au namba yoyote unayoisoma. Ongeza tarehe na mahali, uambatishe picha hizo kwenye rekodi yako ya eBird. Herufi ukiwa na shaka nayo, iwekee alama ya kuuliza badala ya kubahatisha, kwa kuwa herufi moja iliyokosewa ni ndege mwingine kabisa.